Jinsi ya kuuza programu kwa mtengenezaji wa kompyuta: vifungu vilivyoipa Microsoft soko

Ukiuliza kwa nini kompyuta nyingi za dukani huja na Windows tayari ndani yake, wengi watakujibu kwamba programu ilikuwa nzuri, au kwamba Bill Gates alikuwa na bahati. Bahati ilikuwepo. Ubora, mwanzoni, haukuwa wa kujivunia: MS-DOS ya 1981 ilikuwa programu ndogo iliyofuata nyayo za CP/M, mfumo endeshi wa Digital Research uliokuwa umeshaenea. Kazi kubwa ilifanywa na mikataba.

Mwongozo huu unaifungua mikataba hiyo kifungu kwa kifungu. Umeandikwa kwa anayetengeneza programu na anataka iingie ndani ya kifaa cha mwingine kabla hakijatoka kiwandani, iwe kompyuta, simu, king'amuzi au mashine ya risiti. Vifungu vingine vinafaa kuigwa leo vilevile vilivyo. Vingine viliishia mahakamani, na tutaonyesha ni vipi.

Amua kwanza nani atakulipa

Mtumiaji wa mwisho ni mlipaji mbaya. Februari 1976 Gates aliwaandikia barua ya wazi wapenzi wa kompyuta akilalamika kuwa chini ya asilimia 10 ya wenye kompyuta ya Altair 8800 walikuwa wameinunua BASIC yake, programu ya lugha ya kuandikia programu, ilhali karibu kila mtu alikuwa akiitumia. Waliobaki walinakili. Barua haikubadilisha tabia ya mtu. Kilichobadilika ni mteja: kampuni yake, Microsoft, ikaelekeza nguvu kwa watengenezaji wa mashine. Hao wako wachache, wana vitabu vya hesabu vinavyokaguliwa, na hawawezi kuficha idadi ya mashine walizosafirisha.

Mkataba wa kwanza wa aina hiyo, uliotangulia barua hiyo, wa Julai 1975 na MITS ya Albuquerque, kampuni iliyotengeneza Altair, ni mfano mzuri wa mkataba uliokaribia kumnyonga muuzaji. Microsoft ilipata dola 3,000 wakati wa kutia saini, kisha mrabaha kwa kila nakala, lakini jumla ya mrabaha iliwekewa kikomo cha dola 180,000. Juu ya hayo, MITS ilipewa haki ya kipekee duniani kwa miaka 10: kampuni nyingine iliyotaka BASIC hiyo ilipaswa kupitia kwa MITS. Watengenezaji wapya walipoanza kubisha hodi, MITS, iliyokuwa ikinunuliwa na kampuni ya Pertec, haikuona faida ya kuwapa wapinzani wake programu.

Kilichowaokoa Gates na mshirika wake Paul Allen ni sentensi moja waliyokuwa wameiweka: MITS italazimika kufanya kila juhudi kuiuza leseni hiyo kwa wengine. Mwaka 1977 msuluhishi aliona juhudi hizo hazikufanyika, na haki zikarudi Microsoft. Kwa hiyo, kama mnunuzi anakulazimisha umpe haki ya kipekee na huna pa kukimbilia, mfunge kwa wajibu wa kuuza. Andika idadi ya leseni atakazouza kwa mwaka, na uandike kwamba akishindwa haki inakufa yenyewe. Maneno "kila juhudi" peke yake yalitosha 1977, lakini yalihitaji msuluhishi kuyatafsiri. Namba haihitaji tafsiri.

Kuna kosa la upande wa pili: kupokea malipo ya mara moja. Commodore iliilipa Microsoft kiasi kimoja kwa BASIC ya mashine zake, kisha ikaendelea kuitia katika kompyuta zake kwa miaka, mamilioni ya Commodore 64 zikiwemo, bila kuongeza mrabaha. Malipo ya mara moja hayana ubaya ikiwa mkataba unataja modeli, toleo na mwaka wa mwisho. Bila hivyo umeuza shamba kwa bei ya mavuno ya msimu mmoja.

Hakikisha unachokiuza ni chako

IBM ilipokuja 1980 kutafuta mfumo endeshi wa kompyuta yake ndogo, mazungumzo yake na Digital Research yakakwama, na Microsoft haikuwa na mfumo wa kuuza. Ilijua tu ulipo. Tim Paterson wa Seattle Computer Products alikuwa ameandika mfumo wa prosesa (chipu kuu ya kompyuta) ya Intel 8086, ulioanza kwa jina QDOS na kuitwa baadaye 86-DOS; ndio uliokuja kuwa MS-DOS. Microsoft iliununua kwa awamu mbili, na mpangilio huo unafaa kuigwa:

1. Kwanza ililipa dola 25,000 kwa leseni isiyo ya kipekee, yenye ruhusa ya kuwapa wengine leseni ndogo. Jina la mteja, IBM, halikutajwa. Hapa unalipa kidogo huku hujui kama biashara itafanikiwa.
2. Tarehe 27 Julai 1981, siku 16 kabla ya IBM kuitangaza kompyuta yake, ililipa dola 50,000 ikachukua haki zote.

Ukichelewa hatua ya pili hadi bidhaa itangazwe, bei haitakuwa hiyo tena.

Ila kulikuwa na tundu. Katika mauzo hayo Seattle Computer Products ilibaki na leseni ya kuendelea kutumia DOS pamoja na mashine zake bila mrabaha. Miaka michache baadaye kampuni hiyo ndogo ilipotaka kuiuza leseni hiyo kwa mwingine, ikatokea kesi: je, leseni inahamishika? Microsoft iliimaliza 1986 kwa kulipa dola 925,000, zaidi ya mara 12 ya bei ya awamu zote mbili. Ukimwachia mwandishi wa kwanza leseni ya shukrani, andika mambo matatu: haihamishiki, haigawanyiki, na inaisha kampuni ikiuzwa.

Mnunuzi mkubwa mpe bei nafuu, haki ya kipekee usimpe

Hiki ndicho kifungu kilichojenga himaya. Mkataba wa Novemba 1980 uliipa IBM masharti laini sana: iliweza kuiuza DOS na mashine zake bila kulipa mrabaha kwa kila kompyuta. Kwa anayeangalia pesa tu, Microsoft ilipunjika. Lakini iliondoka na kitu kimoja: ruhusa ya kuiuza programu ileile kwa mtu yeyote mwingine.

Husemwa kwamba IBM ilisinzia. Sivyo kabisa. Ilikuwa ikikabiliwa na kesi ya serikali ya Marekani kuhusu kuhodhi soko tangu 1969, mradi wa kompyuta hiyo, uliofanyika Boca Raton, ulikuwa na muda wa kama mwaka mmoja tu, na thamani, kwa macho ya wakati ule, ilikuwa katika chuma, yaani mashine yenyewe. Unapojadiliana na kampuni kubwa, tafuta kile inachokidharau, kisha kiombe hicho.

Kompyuta ilipotangazwa tarehe 12 Agosti 1981, bei ikaanzia dola 1,565, na vipuri vyake vingi vilikuwa vya kununuliwa sokoni: prosesa ya Intel 8088, kumbukumbu, viendeshi vya diski. Ya IBM peke yake ilikuwa BIOS, programu ndogo iliyomo katika chipu inayoiamsha mashine. Mnunuzi alichagua mfumo endeshi, ila bei zilikuwa zimeshamchagulia: PC DOS, yaani MS-DOS kwa jina la IBM, dola 40, CP/M-86 ya Digital Research ilipofika dola 240. IBM iliweza kuiuza DOS kwa bei ya kutupa kwa sababu haikuwa na mrabaha wa kulipa kwa kila nakala. Masharti laini yaliyoonekana kama hasara yalimfukuza mpinzani kwenye rafu.

Kisha Compaq ikaandika BIOS yake upya bila kunakili ya IBM, ikatangaza mashine ya kubeba mwishoni mwa 1982, na kuanzia 1984 Phoenix ikawa inauza BIOS ya namna hiyo kwa anayetaka. Kila kiwanda kilichotaka kutengeneza kompyuta inayofanana na ya IBM kiliweza kununua kila kitu katika maduka zaidi ya moja, isipokuwa mfumo endeshi. Huo ulikuwa na duka moja, na duka hilo lilikuwa na ruhusa ya maandishi ya kuuza.

Taja kipimo cha kuendana, la sivyo jina lako litachafuka

Sehemu hii haizungumzwi sana, na ndiyo huwaumiza wanaoiga. Miaka ya mwanzo MS-DOS haikuuzwa kama kitu kamili. Ilikuwa na mafaili makuu matatu: MSDOS.SYS, kiini cha Microsoft; COMMAND.COM, inayopokea amri, na IO.SYS, inayozungumza na kibodi, skrini na diski. Hiyo ya mwisho mtengenezaji aliiandika au kuirekebisha mwenyewe kulingana na mashine yake.

Kwa mkataba, hilo ni zuri: unauza kwa wengi bila kugusa mashine zao. Kwa mtumiaji lilikuwa balaa. Kompyuta za DEC Rainbow 100 na Tandy 2000 ziliendesha MS-DOS halali, lakini programu za IBM PC zikagoma humo. Waandishi wa programu, wakitafuta kasi, walikuwa wakiiruka DOS na kuandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya skrini ya IBM, na Lotus 1-2-3, lahajedwali lililotoka Januari 1983, lilikuwa mfano mkubwa wa tabia hiyo. Kwenye mashine ambayo kumbukumbu ya skrini imekaa pengine, skrini inabaki tupu na hakuna ujumbe wa kosa wa kukuambia kwa nini.

Wanunuzi wakabuni kipimo chao: mashine ikiendesha 1-2-3 na Microsoft Flight Simulator bila kuguswa, inaendana, vinginevyo iache dukani. Wewe usisubiri soko likubunie kipimo. Ambatisha kwenye mkataba orodha ya programu zitakazojaribiwa, matoleo yake kwa namba, na kinachohesabika kuwa imefaulu. Kisha funga ruhusa ya kutumia jina lako na nembo yako na kufaulu huko. Asiyefaulu aruhusiwe kuuza, lakini kwa jina lake.

Bei: hapa ndipo nguvu na hatari vinapokaa pamoja

Kuna njia tatu za kumtoza mtengenezaji. Kwa nakala: analipa kwa kila kompyuta iliyotoka na programu yako. Kwa modeli: analipa kwa kila kompyuta ya modeli iliyotajwa. Kwa prosesa: analipa kwa kila kompyuta aliyotengeneza yenye prosesa ya aina fulani, iwe imewekwa programu yako au haikuwekwa.

Fanya hesabu ya mfano. Kiwanda kinatoa mashine 100,000 kwa mwaka. Kwa nakala unamtoza dola 30, kwa prosesa dola 20. Mpinzani wako anauza kwa dola 10.

Kwa mkataba wa nakala, kiwanda kikihamishia mashine 20,000 kwa mpinzani kinaokoa dola 400,000. Kwa mkataba wa prosesa, bili yako ni dola 2,000,000 hata iweje, na zile mashine 20,000 zinaongeza dola 200,000 juu yake. Dola 10 za mpinzani zimegeuka kuwa gharama ya ziada. Hata akishusha hadi dola 1, bado ni dola 1 zaidi kuliko kutomnunua. Na kwa kuwa bei yako kwa prosesa ni nafuu kuliko kwa nakala, mkurugenzi wa kiwanda anatia saini kwa hiari, tena akiona amepata punguzo.

Microsoft iliutumia mkataba huu zaidi pale ilipopata mpinzani wa kweli. Digital Research ilirudi 1988 na DR DOS, na toleo la 5.0 la 1990 lilikuwa na mambo ambayo MS-DOS haikuwa nayo bado. Serikali ya Marekani ilikadiria kwamba mikataba ya prosesa ilikuwa asilimia 20 ya MS-DOS zilizouzwa na watengenezaji katika mwaka wa fedha 1989, asilimia 27 mwaka 1991, asilimia 50 mwaka 1992, na asilimia 60 mwaka 1993. Ongeza mikataba ya miaka mingi na kiwango cha chini cha kununua, na mlango wa kiwanda ulikuwa umefungwa kwa komeo tatu.

Usiufuate mfano huo. Julai 1994 Microsoft ilikubaliana na Wizara ya Sheria ya Marekani, na baada ya kuvutana kwa majaji amri ikaanza kutumika Agosti 1995. Ilikataza malipo kwa prosesa, kiwango cha chini cha lazima na malipo ya jumla yasiyotegemea idadi, na ikafupisha leseni hadi mwaka mmoja, mtengenezaji akiwa na hiari ya kuongeza mwingine. Malipo kwa modeli yaliruhusiwa, mradi mtengenezaji awe huru kubuni jina la modeli mpya na kuiuza bila programu ya Microsoft na bila kulipa. Punguzo la wingi liliruhusiwa pia.

Kwa maoni yetu amri hiyo, iliyokusudiwa kuwa adhabu, ni kielelezo kizuri cha mkataba halali: nakala au modeli, mwaka mmoja, punguzo la ngazi kwa ngazi, na hakuna tozo kwa bidhaa ya mwenzio. Ukiwa mdogo, hakuna atakayekushitaki kwa kifungu cha prosesa. Shida huja ukikua. Kenya ina Sheria ya Ushindani ya 2010 na Tanzania ya 2003, na zote zinakataza kutumia vibaya nguvu ya soko. Mkataba uliouandika ukiwa na wateja wawili ndio utakaosomwa mbele ya tume ukiwa na wateja mia mbili.

Lisha wanaoandika juu ya programu yako

Mkataba unakuingiza kiwandani. Kinachomzuia mtumiaji kuondoka ni programu nyingine zinazohitaji yako ili zifanye kazi. Katika matokeo ya uchunguzi wa ukweli aliyoyatoa Novemba 1999 katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Microsoft, Jaji Thomas Penfield Jackson aliweka namba zinazoeleza yote: OS/2 Warp, mfumo endeshi wa IBM, katika kilele chake, ilikuwa na programu kama 2,500 na takriban asilimia 10 ya soko, Windows ilikuwa na zaidi ya 70,000.

Namba hiyo haikuja yenyewe. Windows ilitangazwa Novemba 1983, ikatoka Novemba 1985, na matoleo mawili ya kwanza hayakuvutia wengi. La tatu, la Mei 1990, ndilo lililonasa, kwa sababu liliendesha programu za DOS ambazo watu walikuwa nazo na lilitosheka na mashine walizokuwa nazo. Wakati huohuo makampuni makubwa ya programu yalikuwa yamewekeza katika OS/2, ambayo Microsoft yenyewe iliitengeneza pamoja na IBM na kuitangaza 1987. WordPerfect na Lotus 1-2-3 za Windows zilifika 1991. Excel ya Windows ilikuwa sokoni tangu 1987, na Office ya Windows tangu 1990.

Cha kuiga hapa ni uvumilivu wa kuendana na ya zamani. Mchezo wa SimCity ulikuwa na kosa: ulitumia kumbukumbu uliyokwisha kuirudisha. DOS haikujali, Windows 95 ingeuangusha. Badala ya kuulaumu mchezo, wahandisi wa Windows waliweka msimbo wa kuutambua na kuugawia kumbukumbu kwa namna ya pekee. Tenga bajeti ya kazi kama hiyo. Kabla ya kila toleo jipya, chukua programu 20 zinazotumika zaidi na wateja wako, zijaribu bila kuzirekebisha, na ikivunjika hata moja, irekebishe upande wako.

Ukaguzi wa hesabu na siku ya kuongeza mkataba

Haki ya kukagua ni ya lazima. Bila hiyo, idadi ya nakala ni neno la mtu tu. Andika kwamba mtengenezaji atoe ripoti kila robo mwaka yenye namba za mfululizo za mashine zilizosafirishwa, kwamba mkaguzi ni wa nje, na kwamba gharama ni yako isipokuwa pengo likizidi asilimia mliyokubaliana.

Kisha tenganisha ukaguzi na kuongeza mkataba. IBM iliendelea kuuza OS/2 na SmartSuite, seti ya programu za ofisi, zikishindana na bidhaa za Microsoft, na mwaka 1995 Microsoft ikaifunga leseni yake ya Windows 95 na mgogoro wa ukaguzi wa mrabaha wa zamani. Leseni ilipatikana dakika 15 kabla ya sherehe ya uzinduzi ya tarehe 24 Agosti kuanza, wakati wapinzani wa IBM walikuwa na mashine tayari kwa msimu wa shule. Mkasa huo uliingia katika matokeo ya Jaji Jackson kama ushahidi, na suluhu iliyothibitishwa 2002 ikailazimisha Microsoft kuwapa watengenezaji 20 wakubwa masharti ya leseni yanayofanana.

Kama wewe ndiye mtengenezaji, dai kifungu hiki kabla ya kingine chochote: mgogoro wa ukaguzi upelekwe kwa msuluhishi, fedha zinazobishaniwa ziwekwe katika akaunti ya amana, na leseni iendelee kwa bei ileile mpaka uamuzi utoke. Kama wewe ndiye muuzaji wa programu, kikubali, kisha weka tarehe ya kuongeza mkataba angalau miezi sita kabla ya toleo lako jipya kutoka.